Kuuza matangazo ya redio Uganda: jinsi ya kumfanya mteja alipe mara ya pili

Huu mwongozo nauandika kwa wale wanaozunguka mjini na faili kwapani wakiuza nafasi za matangazo, uwe unauzia redio, TV ama gazeti, uwe Kampala, Mbarara, Gulu ama huku kwetu Arua. Mifano mingi itakuwa ya redio maana ndo kazi yangu, na ndo kitu watu wetu bado wanasikiliza sana, shambani, dukani, kwa fundi cherehani, kwenye stendi ya boda. Wa TV na gazeti mtabadilisha kidogo tu, mengine yote ni yale yale.

Kabla ya hatua nataka ushike kitu kimoja. Tangazo la kwanza karibu kila mtu anaweza kuliuza, unaliuza kwa undugu, kwa kubembeleza, kwa kurudi rudi dukani mpaka mtu anachoka anakupa pesa ili uondoke. La pili ndo linaonyesha kama unajua kazi, kwa sababu mtu amelipa, amesikia, ameona kilichotokea dukani kwake, alafu bado anafungua droo anatoa pesa tena. Kila nitakachosema hapa chini kinalenga hilo la pili.

Kwa nini nasisitiza hivo? Kabla ya 1993 hapa Uganda ilikuwa Radio Uganda ya serikali peke yake, mwaka huo ndo zikaingia Sanyu FM na Capital FM, baada ya hapo mlango ukafunguka na sa hivi vituo vya FM vinapita 200 nchi nzima. Mwenye duka la vitanda mjini anatembelewa na wauzaji wa matangazo mpaka anawajua kwa mwendo. Na pesa ya serikali ambayo redio nyingi za mikoani zilikuwa zinaitegemea nayo imekuwa ngumu, maana mwaka 2023 Rais aliagiza wizara na taasisi za serikali zipeleke matangazo yao UBC, shirika la utangazaji la serikali. Kwa hiyo mteja wa kweli kwa redio binafsi ni huyu mfanyabiashara wa hapa hapa, na hawa si wengi kiasi hicho. Ukimuuzia kila mmoja mara moja alafu akakukimbia, mwaka hauishi mji umekwisha mkononi mwako.

Hatua ya 1: Ijue redio yako kwa masikio na kwa miguu

Nashangaa sana nikikutana na muuzaji ambaye hasikilizi kituo chake. Mteja anamuuliza saa tatu usiku mnakuwa na kipindi gani, anaanza kutafuta kwenye karatasi. Hapo umeshakwisha.

Sikiliza siku nzima, kuanzia alfajiri mpaka usiku, siku ya kazi na siku ya Jumapili. Andika kila kipindi kinaongea na nani. Alafu panda boda ama taxi na karedio kadogo, nenda barabara zote zinazotoka mjini, andika sauti inaanza kukwaruza wapi na inapotea wapi. Huku kwetu utaenda njia ya Koboko, njia ya Nebbi, njia ya Vurra mpaka mpakani na Congo. Ramani ya mafundi inaonyesha duara zuri limezunguka mnara lakini milima haijui duara, kuna kijiji kiko karibu hakipati kitu na kingine kiko mbali kinapata safi kabisa. Ukijua hivi vitu hutamuahidi mwenye duka wateja wa sehemu ambayo redio haifiki.

Kitu kingine ambacho wauzaji wengi wanakipuuza ni wasikilizaji wanaopiga simu studio. Ongea vizuri na maprezenta, waombe waandike anayepiga anatoka wapi na anafanya kazi gani. Baada ya mwezi unakuwa na daftari linalosema kipindi cha jioni kinapigiwa na watu wa boda na mafundi, kipindi cha saa nne asubuhi kinapigiwa na kina mama walioko nyumbani na sokoni. Kampuni za utafiti kama Ipsos zinapima wasikilizaji, ripoti zao ni nzuri hasa ukienda kwa kampuni kubwa ama ajensi za Kampala zinazonunua matangazo kwa niaba ya kampuni, lakini kwa duka la Arua hilo daftari lako lina nguvu zaidi kwa sababu mwenye duka anaviona vijiji anavyovijua.

Na intaneti usiiache. Kituo kikiwa na WhatsApp, TikTok, YouTube ama X jua kila ukurasa una watu wangapi na wanauliza nini. Facebook hapa imefungwa tangu Januari 2021 wakati wa uchaguzi, watu wanaingia kwa VPN, kwa hiyo ukimuuzia mteja matangazo ya Facebook mwambie ukweli huo kabla hajalipa.

Hatua ya 2: Chagua wa kumtembelea

Usianze kugonga mlango mmoja mmoja mtaa mzima. Tafuta mtu ambaye tayari anatumia pesa kujitangaza ama ana sababu ya kuanza. Sikiliza redio za wenzako uandike nani anatangaza. Angalia nani amefunga spika kwenye gari inazunguka sokoni, nani amechapisha kalenda na fulana, nani amepaka ukuta wa duka upya. Jengo linalowekewa milango ya vioo leo litahitaji watu wajue limefunguliwa. Shule inayojenga bweni itahitaji watoto wa kulijaza.

Alafu kuwa na kalenda ya pesa ya mji wako. Shule zinafungua muhula wa kwanza mwezi wa 2, kwa hiyo kuanzia katikati ya mwezi wa 1 wanaouza magodoro, masanduku ya bati, viatu na madaftari wanatakiwa wawe wameshapangiwa, na wewe ulitakiwa uwe umeongea nao mwezi wa 12 kabla ya Krismasi. Baada ya mavuno watu wakishauza simsim na mihogo ndo wananunua mabati, pikipiki, sola. Ramadhani na Idd ina wateja wake. Mwezi wa 6 kuna mahujaji wa Namugongo, sikukuu ya mashahidi wa Uganda, mabasi yanajaa. Muuzaji anayefika kwa mwenye magodoro wiki ambayo shule zinafunguliwa anakuta bajeti imeshaliwa na mwingine.

Hatua ya 3: Mkutano wa kwanza usiuze kitu

Hii ndo hatua watu wengi wanaikataa kwa sababu meneja anawasukuma na taageti. Nakuelewa, lakini fanya hivi.

Nenda saa ambayo duka limetulia. Wanasema biashara asubuhi jioni mahesabu, kwa hiyo usimfuate mtu asubuhi anauza wala jioni anahesabu, huku kwetu saa nane hadi saa tisa mchana ni nzuri, na Ijumaa kwa Mwislamu subiri arudi msikitini. Ukikuta kuna wateja dukani simama pembeni, usimkatize. Kama mteja wake anatafuta kitu na wewe unakiona mwonyeshe, hiyo peke yake inakufungulia mlango.

Msalimie kama mtu wa hapa. Asalaam aleikum Hajji, habari ya kazi, nyumbani hawajambo? Mama mwenye duka mwite Mama fulani ama Hajjati kama amehiji, mwenye umri mkubwa mwite mzee. Usimwite mtu kwa jina lake kavu eti kwa sababu umelisoma kwenye kibao. Alafu sema umetoka redio gani, na useme wazi kwamba leo hujaja kumuuzia, umekuja kuuliza biashara yake inaendaje ili siku ukirudi usimpotezee muda.

Maswali ninayouliza mimi ni haya, na si lazima kwa mpangilio huu:

Kitu gani kinatoka haraka na kitu gani kimekaa stoo?
Wateja wako wanatoka wapi, mjini, vijijini, ama ng'ambo kule Congo na Sudan Kusini?
Ni mwanaume ndo anakuja kununua ama mwanamke, na nani anatoa pesa?
Siku gani duka linajaa?
Mteja mpya akiingia anakwambia amekujua kupitia nani?
Ulishawahi kutangaza? Ikawaje?

Hilo la mwisho uliza alafu nyamaza, usikimbilie kujitetea. Atakutajia redio iliyomla pesa, atakwambia tangazo lilirushwa usiku wa manane, ama jina la duka lilisomwa vibaya, ama aliahidiwa risiti haikuja. Andika yote. Hapo amekupa bure orodha ya mambo ambayo ukiyafanya sawa atarudi kwako.

Kuhusu faida ni swali la adabu, wafanyabiashara wetu hawapendi kutajiana faida na mtu wasiyemjua. Usiulize unapata ngapi. Uliza kitu kama, "Hajji, ukiuza godoro moja la shule, unabaki na kitu cha maana ama ni kidogo kidogo?" Wengine watakupa namba, wengine watacheka tu, lakini utapata mwanga.

Hatua ya 4: Piga hesabu yake kabla ya hesabu yako

Rudi ofisini na daftari. Hapa ndo nataka ukae kidogo kwa sababu ndo penye siri ya tangazo la pili, na nitaweka namba ambazo nimezitunga tu ili hesabu ieleweke.

Tuseme tangazo moja la sekunde 30 kwenye redio yako ni shilingi 30,000. Meneja amekwambia uuze pakeji kubwa, mara 5 kwa siku kwa siku 14. Hiyo ni mara 70, yaani 2,100,000, weka VAT ya asilimia 18 ambayo ni 378,000, jumla 2,478,000. Mteja wako ni Hajji mwenye duka la magodoro, akiuza godoro moja anabaki na 40,000. Gawanya. Anatakiwa auze magodoro 62 ya ziada, juu ya yale ambayo angeuza hata bila redio, ndo pesa yake irudi tu, faida bado. Kama duka lake kwa kawaida linauza magodoro 25 kwa mwezi wewe mwenyewe unaona hii haiwezekani. Ukimuuzia hiyo pakeji utapata komisheni nzuri mwezi huu na hutamuona tena.

Sasa punguza. Mara 2 kwa siku, siku 10, wiki ya mwisho kabla ya shule na siku chache za kufungua. Mara 20, shilingi 600,000, VAT 108,000, jumla 708,000. Gawanya kwa 40,000, unapata magodoro 18. Hapo kuna matumaini ya kweli, kwa msimu wa shule 18 inawezekana, na mzazi akija kununua godoro ananunua na sanduku na blanketi. Kama Hajji amesajiliwa VAT ile 108,000 anaidai nyuma kwenye ritani yake ya kodi, kwa hiyo kwake gharama ni 600,000 na magodoro ni 15. Muulize kama amesajiliwa, wengine wanaogopa neno VAT kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza hivi.

Alafu hizo mara 20 usizitawanye siku nzima ili tu karatasi ionekane imejaa. Ziweke kwenye vipindi viwili vile vile kila siku, saa ile ile. Mama anayesikiliza kipindi cha saa nne alisikie leo, kesho na kesho kutwa, siku ya nne analijua. Pesa kidogo ikikusanywa sehemu moja inasikika, ikitawanywa kila mahali hakuna anayeikumbuka.

Kuna biashara ambazo hesabu inakataa kabisa. Kibanda cha chapati kinachouzia mtaa mmoja hakihitaji redio inayofika Koboko. Mwambie hivo, mshauri apake kibao vizuri ama atume WhatsApp kwa wateja wake. Utapoteza komisheni ndogo lakini yule mtu ana shemeji mwenye hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, na atakuelekeza kwake.

Hatua ya 5: Rudi na karatasi moja

Usirudi na faili lenye kurasa nyingi za historia ya redio. Karatasi moja. Juu andika tatizo lake kwa maneno yake mwenyewe, mfano "magodoro ya shule yako stoo, wazazi wa vijijini hawajui kama yapo." Katikati weka vipindi viwili, siku, saa, bei na VAT, kila kitu kionekane. Chini weka ile hesabu ya magodoro 15 ama 18. Mfanyabiashara akiona umehesabu kwa magodoro na si kwa sekunde anakaa sawa kwenye kiti, hiyo nimeiona mara nyingi.

Akiomba punguzo, na ataomba, usikimbilie kukata bei. Ukikata bei leo bei yako ya zamani imekufa, na jirani yake atajua kabla ya jioni. Badala yake mwongezee kitu ambacho redio inacho na hakikugharimu, mara mbili za nyongeza Jumapili, ama prezenta amtaje kwenye kipindi cha salamu. Akisema pesa haitoshi, punguza siku na bei ibaki pale pale. Ajensi za Kampala wao wana utaratibu wao wa komisheni, mara nyingi asilimia 15, hiyo iko kwenye makubaliano ya kampuni na si kitu cha kumpa kila anayelia.

Akisema "nitafikiria," uliza kwa upole anafikiria nini, bei, wakati, ama ana wasiwasi na redio. Kila jibu lina njia yake. Akikaa kimya basi mwachie karatasi, mpe siku ya kurudi, na siku hiyo rudi kweli.

Hatua ya 6: Tangazo lenyewe liandike na mteja

Wauzaji wengi wakishapata saini wanaona kazi imehamia studio. Hapana. Tangazo baya linaua tangazo la pili kuliko kitu kingine chochote, na lawama itakuja kwako, prodyusa hamjui hata Hajji.

Sekunde 30 za Kiswahili ni maneno hamsini na kitu, ukipita sitini msomaji anakimbia na hakuna anayeshika. Kwa hiyo kitu kimoja tu. Hajji atataka utaje magodoro, masufuria, pasi, vitanda, mazulia na salamu kwa wateja wake wote. Mkatalie kwa heshima, mwambie masufuria yatapata zamu yake.

Mahali elekeza kwa alama ambayo mtu wa kijijini akishuka kwenye taxi ataiona, namba ya kiwanja haimsaidii. Jina la duka litajwe mara mbili. Namba ya simu moja tu, na kama haikumbukiki kirahisi afadhali uiache urudie mahali. Na weka ofa moja ndogo ambayo inatajwa redioni peke yake, haijaandikwa popote, ili baadaye tuweze kuhesabu. Mfano:

"Mzazi, shule zinafungua Jumatatu, mtoto wako ana godoro? Njoo kwa Hajji wa Magodoro, barabara ya Vurra, jengo la kijani linalotazamana na stendi ya boda. Godoro na sanduku la bati unapata hapo hapo. Mwambie umesikia redioni, jina la mtoto linaandikwa kwenye sanduku bure. Hajji wa Magodoro, jengo la kijani, barabara ya Vurra."

Hayo ni maneno 51, msomaji anapumua vizuri.

Lugha nayo ni uamuzi wa biashara. Mzazi wa vijiji vya hapa mwambie kwa Kilugbara. Mfanyabiashara wa Ariwara kule Congo anayevuka mpaka kununua jumla mwambie kwa Kiswahili, na huyo hana shida na jina la mtoto kwenye sanduku, anataka kujua bei ya jumla, kama mnapokea dola, na kama mzigo unafikishwa Vurra. Kwa hiyo hayo ni matangazo mawili tofauti kabisa, usichukue moja ukampa mtu alitafsiri neno kwa neno. Kakwa, Aringa, Madi, Alur, kila sehemu fikiria nani anakuja kununua na anaota kwa lugha gani.

Msomee mteja kabla halijarekodiwa, likisharekodiwa msikilizishe kwenye simu, asikie jina la duka linavyotamkwa.

Hatua ya 7: Matangazo ya kukataa ama kuuliza karatasi kwanza

Hapa nitaenda haraka lakini usiiruke. Redio ina leseni ya UCC, tume ya mawasiliano, na Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya 2013 inawapa nguvu ya kuichukua. Dawa, za hospitali ama za mitishamba, tangazo lake lipitishwe na NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, omba barua uione kwa macho. Sigara na tumbaku hakuna kutangaza, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 imefunga. Kampuni za kubeti ziwe na leseni ya bodi ya michezo ya bahati nasibu. Wakopeshaji wadogo wawe na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia mikopo midogo, na anayesema anapokea akiba za watu uliza sana. Wale wa kuzidisha pesa na kurudisha mume ndani ya siku tatu, wanalipa keshi tena haraka, usiwaguse. Msikilizaji aliyetapeliwa kupitia redio yako ndo yule yule uliyekuwa unamuuzia Hajji, akiacha kuamini redio Hajji naye hapati mtu.

Hatua ya 8: Pesa iende sehemu yake

Pesa iingie akaunti ya kampuni ama namba ya biashara ya MoMo au Airtel ya kampuni. Kwenye simu yako binafsi isipite hata kama mteja ndo anaomba, hata kama ni jioni na mhasibu ameondoka. Invoisi itoke kwenye EFRIS, mfumo wa invoisi za kielektroniki wa mamlaka ya mapato URA, na mpe mteja siku hiyo hiyo, usisubiri akukumbushe.

Maduka walipe kabla ya kurusha, ama nusu kabla na nusu katikati. NGO za kambi za wakimbizi za Bidibidi na Rhino Camp wanafanya kazi kwa LPO, yaani oda ya maandishi, usirushe kitu kwa ahadi ya simu, subiri karatasi yenye saini, na ujue malipo yatachelewa kwa hiyo usiyahesabu kwenye taageti ya mwezi huu. Mashirika mengi makubwa yanakata asilimia 6 ya withholding, kodi anayoizuia mlipaji, kwenye malipo yanayopita 1,000,000, wadai cheti chake mapema maana kampuni yako inakihitaji kwenye kodi. Wanasiasa wakati wa kampeni walipe yote kabla, bila ubaguzi wa chama wala undugu, akishashindwa humpati na akishashinda humpati vile vile.

Hatua ya 9: Tangazo likianza hewani ndo kazi inaanza

Siku ya kwanza usimwachie studio. Sikiliza mwenyewe tangazo la kwanza likitoka, rekodi kwa simu, mtumie Hajji kwenye WhatsApp na saa liliporushwa. Likirukwa, kwa sababu ya umeme ama mpira umezidi muda, mwambie wewe kabla hajagundua na mwambie litafidiwa lini. Mteja anasamehe tangazo lililorukwa. Kufichwa ndo hasamehi.

Siku ya pili ama ya tatu pita dukani. Mpelekee daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi, iwekwe pale kwa keshia, na umwombe binti anayeuza kila mtu akisema amesikia redioni apige msitari mmoja, na aandike ametoka wapi. Hili linahitaji kubembeleza kidogo kwa sababu keshia ana kazi nyingi, mnunulie soda, mweleze kwa nini, jifunze jina lake. Bila yule keshia hutakuwa na namba yoyote na mazungumzo ya mwisho yatakuwa ya kubahatisha, Hajji atasema naona hakuna kitu na wewe utasema nadhani kuna kitu, na pesa iko kwake.

Katikati ya muda angalia msitari uko wapi. Kama watu wanakuja kutoka upande wa Koboko tu, na wa Nebbi hakuna, pengine kipindi ulichochagua hakisikilizwi upande ule. Badilisha kitu kimoja, kipindi ama maneno, usibadilishe vyote viwili maana hutajua kipi kilisaidia.

Hatua ya 10: Mazungumzo ya mara ya pili

Usisubiri mkataba uishe. Siku tatu kabla ya mwisho nenda na karatasi moja tena: mara ngapi limerushwa, lini, yaliyorukwa na yaliyofidiwa, misitari mingapi kwenye daftari, vijiji gani. Weka na ile hesabu ya mwanzo, tulisema magodoro 15 yarudishe pesa, daftari linasema wangapi.

Namba ikiwa nzuri usishangilie kupita kiasi wala usiongeze bei papo hapo. Muulize shule zikishafunguliwa anataka kusukuma nini, na hapo mnaanza upya kwenye hatua ya 3 lakini safari hii mmekaa kwenye viti na chai imeletwa.

Namba ikiwa mbaya ipeleke vile vile ilivyo. Mweleze unachofikiria kilitokea: mvua iliharibu barabara wiki ile, ama jirani alishusha bei, ama tangazo letu lilikuwa dhaifu. Uliza kama watu waliingia wakatoka bila kununua, kwa sababu hapo redio imefanya kazi yake na shida ni bei ama huduma dukani, na hilo mwambie taratibu mkiwa wawili tu, si mbele ya wafanyakazi wake. Alafu pendekeza kitu kidogo zaidi cha kujaribu, ama sema wazi subirini muhula wa pili mwezi wa 5.

Akikubali, andikeni hapo hapo. Akikataa, mshukuru, mwombe akuelekeze kwa mfanyabiashara mwenzake mmoja ambaye anaona anahitaji, na andika kwenye daftari lako tarehe ya kumrudia, mapema kabla ya shule kufungua, pamoja na jina la yule keshia.